Naomba ushauri: njia ipi ya uainishaji inafaa kutambua mapema mikopo chechefu katika SACCOS yetu ya Moshi?

Afisa_Mikopo

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni afisa mikopo katika SACCOS moja hapa Moshi ambayo wanachama wake ni mchanganyiko wa walimu, wafanyabiashara wa soko la Mbuyuni na wakulima wa kahawa wa Kibosho na Uru. Bodi imeniagiza niandae programu ya kujifunza kwa mashine ambayo, kabla fedha hazijatoka, itaonyesha ombi lenye dalili za kuishia kuwa mkopo chechefu. Nimekusanya kumbukumbu za mikopo 2,000 iliyokwisha kufungwa, na kati ya hiyo 120 ilikuwa chechefu, yaani ilichelewa kulipwa kwa zaidi ya siku 90. Mikopo 400 niliichagua bila mpangilio nikaiweka kando kwa ajili ya kupima, na iliyobaki nikaitumia kuifunza mashine.

Nilianza na rigresheni ya lojistiki, ile inayokadiria uwezekano wa mkopo kuharibika kwa kuipa kila taarifa uzito wake, kwa kutumia safu sita tu, yaani umri, kazi, akiba, kiasi cha mkopo, muda wa marejesho na idadi ya wadhamini, nayo ikapatia asilimia 95. Baadaye nikatumia msitu nasibu, ule unaokusanya kura za miti mingi ya maamuzi (kila mti ni mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana), nikaongeza kila safu iliyomo kwenye faili la mwanachama, zikiwamo simu za kukumbusha marejesho na barua zilizoandikwa kwa wadhamini. Huo ulipatia asilimia 98. Meneja ameridhika na angependa tuanze mwezi ujao. Je, nibaki na msitu nasibu, au nijaribu mashine za vekta tegemezi, zile zinazochora mstari wa kutenganisha makundi mawili, au hata mitandao ya neva, ile yenye tabaka za hesabu zinazoiga seli za ubongo?

Mtakwimu_Njiro

Mleta mada, pole na kazi. Tuache jina la njia kwanza, tuzitazame hizo asilimia. Katika mikopo yako ni asilimia 6 tu iliyoharibika, kwa hiyo mtu asiye na kompyuta, anayesema "wote watalipa" kila anapoulizwa, anapatia asilimia 94. Rigresheni yako imempita kwa asilimia moja. Pale ambapo kundi moja ni dogo kiasi hiki, kipimo cha jumla huficha karibu kila kitu ambacho bodi inataka kukijua. Tuwekee jedwali la mkanganyiko: kati ya mikopo iliyoharibika kweli, mashine iliikamata mingapi, na kati ya iliyoitilia shaka, mingapi ilikuwa mizuri?

La pili ni zito zaidi. Simu ya kukumbusha hupigwa lini? Hupigwa mkopaji akishachelewa. Barua kwa mdhamini huandikwa mambo yakishaharibika. Siku mwanachama anapoleta ombi dirishani, safu hizo mbili bado ni tupu, na zitabaki tupu kwa kila ombi jipya. Msitu wako haukutabiri lolote. Ulisoma jibu lililokwisha kuandikwa kwenye karatasi ya maswali. Tena umebadilisha njia na safu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kama ongezeko lile limetokana na hiki au kile. Pitia safu moja baada ya nyingine ukijiuliza kama taarifa hiyo ilikuwapo siku ya ombi, uzifute zisizokuwapo, kisha uzipime njia zote mbili kwa safu zilezile na mikopo ileile.

Kijana_wa_Tengeru

Naunga mkono. Kuhusu swali la njia, mitandao ya neva iweke kando kabisa: nguvu yake iko kwenye picha, sauti na maandishi mengi, wakati wewe una jedwali la mistari elfu mbili. Mashine za vekta tegemezi, zilizoelezwa na Cortes na Vapnik mwaka 1995, ni nzuri kwa data ndogo, lakini zinataka vipimo vyote viwekwe kwenye mizani moja, na zenyewe hazitoi uwezekano bali upande tu wa mstari. Msitu nasibu ulioelezwa na Leo Breiman mwaka 2001 hauna usumbufu huo. Binafsi ningejaribu pia miti inayojengwa kwa kufuatana, ambapo kila mti mpya hurekebisha makosa ya iliyotangulia, kwa sababu kwenye majedwali ndiyo inayoshinda mara nyingi.

Afisa_Mikopo

Nashukuru sana, wakuu. Nimefuta safu zote zinazojazwa baada ya mkopo kutoka na kurudia kazi. Katika ile mikopo 400 ya kupimia, 24 ilikuwa chechefu. Rigresheni imekamata 9 na kutilia shaka mikopo 5 mizuri, na usahihi wake umebaki asilimia 95. Msitu nasibu umekamata 10, ukatilia shaka 7 mizuri, na usahihi wake sasa hata asilimia 95 haufiki. Sasa nimeingiwa na wasiwasi kwamba kazi yote haina maana.

Mama_Hesabu

Mdogo wangu, usikate tamaa. Sasa ndipo una namba za kufanyia kazi. Kukamata 9 kati ya 24 kunatokana na programu kuweka mpaka kwenye uwezekano wa asilimia 50, na mpaka huo haukutoka kwenye vitabu vyenu vya hesabu. Keti na mhasibu mkadirie mkopo ulioponyoka unawagharimu kiasi gani, na ombi zuri lililocheleweshwa kwa uchunguzi linagharimu kiasi gani. Tuseme kwa mfano la kwanza ni shilingi 900,000 na la pili ni 100,000. Mpaka unaofaa ni 100,000 ikigawanywa kwa jumla ya hizo mbili, yaani asilimia 10, na kila ombi linalozidi hapo litazamwe upya. Mtakamata mikopo mingi zaidi, na mtawasumbua wasio na hatia wengi zaidi pia. Hilo ndilo jambo la bodi kuamua. Sharti ni kwamba uwezekano unaotolewa uwe wa kweli: ukikusanya maombi yaliyopewa asilimia 10, takriban moja katika kumi liwe limeharibika.

Kuhusu njia, simfuati kijana wetu wa Tengeru. Kama tofauti ni mkopo mmoja kati ya 24, chukua rigresheni. Mwalimu akiuliza kwa nini ombi lake limesimamishwa, utamwonyesha kwamba mkopo alioomba ni mkubwa mno kwa akiba yake, na ataondoka na jambo la kurekebisha. Utamwonyesha nini kwenye miti mia tano? Tena njia sahili zina historia katika kazi hii hasa: mwaka 1936 Ronald Fisher alionyesha namna ya kutenganisha spishi tatu za maua ya irisi, maua 150 kwa jumla, kwa vipimo vinne, na mwaka 1941 David Durand huko Marekani akatumia mbinu hiyo kutenganisha mikopo mizuri na mibaya. Kumbuka vilevile kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mhusika haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, kwa hiyo neno la mwisho libaki kwa kamati ya mikopo.

Mkulima_Uru

Mimi si mtaalamu wa kompyuta, ila mambo mawili yananisumbua. Mkulima wa kahawa hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Hupata fedha msimu ukifika na chama cha msingi kikilipa, na malipo ya pili yakichelewa, naye anachelewa, kisha analipa mkopo wote. Ukimhesabu chechefu kwa zile siku 90 kwa kuwa mkataba wake uliandikwa kwa marejesho ya kila mwezi, mashine itajifunza kwamba ukulima ni kosa. Na wale mliowakataa huko nyuma wako wapi katika hizo kumbukumbu? Hamjui kama wangelipa.

Mtakwimu_Njiro

Mzee wangu, hayo mawili ni magumu kuliko yote tuliyoyajadili. La kwanza linatibika: mleta mada atenganishe mkopo uliochelewa ukalipwa na ule ambao haukulipwa, na kwa wakulima aanze kuhesabu siku tangu malipo ya msimu. La pili halitibiki kwa njia yoyote ya uainishaji, kwa kuwa hakuna algoriti inayoweza kujifunza kutoka kwa mkopo ambao haukutolewa. Ndiyo sababu programu itumike kuelekeza uchunguzi, isitumike kukataa.

Nyongeza moja kwako, Afisa. Usichague tena mikopo ya kupimia bila mpangilio. Ifunze mashine kwa mikopo ya miaka ya nyuma na uipime kwa ya mwaka uliofuata, kisha sogeza mbele mwaka mmoja urudie, kwa maana kazini itakutana na maombi ya kesho tu. Mikopo 24 ni michache mno kwa kupima mara moja, na 9 ya leo ingeweza kuwa 6 au 13 kwa sampuli nyingine. Mwombe meneja akuachie msimu mmoja ambapo programu itaandika makadirio yake kimya kimya huku kamati ikiamua kama kawaida, ndipo mlinganishe.

Afisa_Mikopo

Nimeelewa. Nitapeleka jedwali kwa bodi badala ya asilimia, pamoja na ombi la kusubiri msimu mmoja. Mhasibu tayari ameanza kunikadiria hizo gharama mbili, na anasema ya mkopo ulioponyoka ni kubwa kuliko mfano wa Mama_Hesabu.