Betri za kuchaji kwenye kamera: zipi zinadumu na chaji, na unafanyaje zisichoke mapema?

JichoLaTatu:
Habari zenu wadau. Nina kamera mbili na zote zinanitesa upande wa chaji. Ya kwanza ni ndogo ya kawaida, inakula AA nne, nimeiwekea za kuchaji zilizoandikwa 2700 mAh (ujazo wa chaji). Nikizichaji leo nikapiga leo ziko vizuri kabisa, ila nikiiacha kwenye begi wiki kadhaa nikija kuwasha inaniambia badilisha betri. Ya pili ni ile isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), ina betri yake ya lithiamu, nayo inaisha mapema kuliko DSLR, ile yenye kioo, niliyokuwa natumia mwanzo wakati mAh za betri zenyewe hazijapishana sana. Naomba tulinganishe hapa kwa anayejua: kwa AA nichukue zipi, na hii ya lithiamu niongeze betri orijino au za kampuni nyingine, au shida ni mipangilio ya kamera tu?

BatiNaWaya:
Mkuu kwenye hiyo 2700 ndo penye shida yenyewe. Betri za NiMH, yaani hizi AA za kuchaji za nikeli, ziko za aina mbili na watu wengi wanaangalia namba kubwa tu wanabeba. Zile za kujaza mAh nyingi zinavuja chaji zenyewe hata kama hujazigusa, siku chache za mwanzo baada ya kuchaji ndo zinavuja sana, na mwezi ukiisha unaweza kuta robo ya chaji imeshaondoka au zaidi, kukiwa na joto ndo kabisa. Aina ya pili ni zile zinazovuja kidogo, Sanyo walizileta 2005 kwa jina la Eneloop, sasa hivi ziko chini ya Panasonic na kampuni nyingine nazo zinatengeneza za namna hiyo. Za kawaida zina kama 2000 mAh hivi, kwenye karatasi ni ndogo kuliko za kwako, lakini ukizichaji leo ukazitoa droo baada ya miezi sita bado zinapiga kazi. Mtengenezaji anasema zikikaa miaka 10 zinabaki na asilimia 70. Hata ukizitia punguzo la maneno ya biashara bado hakuna 2700 ya kawaida itakayozikaribia kwa kukaa na chaji.

Sasa kama unachaji usiku na kupiga asubuhi kila siku, hizo 2700 zina faida, sikatai. Ila kamera ya kukaa kwenye begi inataka zinazovuja kidogo, nakushauri usifikirie mara mbili.

Mama_Picha:
Naongezea kwa BatiNaWaya, kuna na hizo Eneloop Pro za 2500 mAh, nazo hazivuji haraka, ila kwa miaka mingi zimekuwa zikitangazwa kwa mizunguko 500 ya kuchaji wakati za kawaida zinatangazwa 2100. Ukiongeza ujazo ndani ya mwili uleule wa AA kuna kitu unakitoa, na kinachotoka ni uhai. Kwa kamera mi nachukua za kawaida seti mbili kuliko Pro seti moja.

Na jamani ingia kwenye menyu ya kamera yako uangalie kama kuna sehemu ya kuchagua aina ya betri. Baadhi ya kamera za AA zinayo na watu hawaigusi kabisa. Betri ya alkali mpya ina volti 1.5 na inashuka taratibu jinsi unavyotumia, NiMH inakaa kwenye 1.2 karibu muda wote halafu mwishoni ndo inaanguka. Kamera ikidhani umeweka alkali inaona 1.2 inajua zimekaribia kuisha, inakupigia kelele wakati betri bado zina kazi ya kutosha. Ukichagua NiMH kelele hizo zinapungua.

chaji_full:
Mi nijuavyo betri ya kuchaji lazima uimalize kabisa mpaka kamera izime ndo uchaji, usipofanya hivyo inazoea kuishia katikati. Hilo liko hivyo tangu zamani.

BatiNaWaya:
@chaji_full hiyo ilikuwa sahihi kwa betri za NiCd (nikeli na kadimi) za zamani ndugu yangu. NiMH zina kitu cha kufanana nacho ila kidogo sana, ukizichaji na kuzimaliza kabisa kwenye chaja yenye kazi hiyo mara mojamoja inatosha. Kwa lithiamu ni kinyume kabisa, kuimaliza mpaka chini kila mara ndo unaichosha. Ikiwa na nusu au theluthi ukiichaji hakuna ubaya wowote, tena inapenda hivyo. Mbaya zaidi ni kuimaliza kabisa halafu uitupe kabatini mwaka mzima bila chaji, inaendelea kushuka kidogokidogo mpaka saketi yake ya ulinzi inaifunga na chaja inagoma kuitambua.

Mkono_Mtulivu:
Watu mnaongelea betri mnaisahau chaja, na chaja ndo inayoua betri za AA kuliko kamera. Zile chaja zinazolazimisha uweke mbili mbili zinachaji jozi kama betri moja, sasa kama moja ilikuwa na chaji kidogo na mwenzake nyingi, moja inajaa kupita kiasi na nyingine inatoka haijajaa, na mchezo huo unajirudia kila ukichaji mpaka moja inakufa na wewe unasema betri fulani hazifai. Chukua chaja yenye njia ya kila betri peke yake, kila nafasi na taa yake. Taa ya moja inazima mapema, nyingine inaendelea, hapo ujue inafanya kazi yake.

Chaja yenye akili inafanyaje: betri ya NiMH ikijaa volti yake inashuka kidogo sana, chaja inakidaka hicho kishuko na kukata umeme. Ukichaji kwa mkondo mdogo mno hicho kishuko hakionekani vizuri, ukichaji kwa mkondo mkubwa mno betri zinachemka. Kwa za 2000 mAh mi natumia 500 mA mpaka 1000 mA, kwa 500 inachukua masaa manne mpaka matano hivi. Ukizishika mwishoni zinakuwa na uvuguvugu, hiyo ni kawaida, ila kama huwezi kuikumbatia betri kiganjani kwa joto hiyo chaja iache. Zile za kujaza ndani ya dakika 15 zinafanya kweli, ila kwa joto lile betri hazidumu.

Halafu andika herufi kwa kalamu ya wino usiofutika, A A A A kwa seti moja, B B B B seti nyingine, na zisichanganyike kamwe, zitumike pamoja zichajiwe pamoja. Kwenye kamera ya betri nne ile iliyo dhaifu ikiisha kwanza wenzake wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake, inageuzwa chanya kuwa hasi, na NiMH ikishageuzwa hivyo haijawahi kuwa nzuri tena.

Kivuli77:
Vipi hizi AA mpya za lithiamu za kuchaji zenye 1.5 V, zingine zina tundu la USB-C pembeni? Naona watu wanazisifia.

Mama_Picha:
@Kivuli77 ndani yake kuna betri ya lithiamu na kisaketi kinachoshusha volti mpaka 1.5. Uzuri wake volti haishuki mpaka mwisho. Ubaya wake kwa kamera ni huohuo, kiashiria cha chaji kinaonyesha imejaa, imejaa, imejaa, halafu kamera inazima ghafla lenzi ikiwa nje. Na kwa kifaa kinachovuta umeme mwingi kwa mkupuo kama flashi, kile kisaketi kina kikomo chake, kwa hiyo flashi inachukua muda kujiandaa. Kwa flashi na kamera za AA bado naiamini NiMH.

Ila naomba hapa mnisikilize vizuri: kuna betri inaitwa 14500, ina umbo na ukubwa wa AA kabisa lakini ina volti 3.7. USIIWEKE kwenye kamera ya AA. Nne za hizo zinapeleka karibu volti 15 mahali palipotengenezewa 6, kamera inaungua. Soma maandishi ya kwenye betri kabla ya kununua, lazima iandikwe 1.2 V au 1.5 V.

Nuru_Asilia:
Nijibu upande wa kamera isiyo na kioo maana ndo natumia kila siku. JichoLaTatu usiumize kichwa na mAh za betri, angalia kamera inakula nini. Kwenye DSLR unachungulia kupitia kioo, hakuna umeme unaotumika kuonyesha picha, sensa imelala mpaka ubonyeze. Isiyo na kioo sensa iko macho, skrini au dirisha la kuchungulia linawaka, prosesa inafanya kazi hata kama umesimama tu unasubiri mtu atabasamu. Mfano mzuri ni Canon 5D Mark IV, kwa betri ileile ya LP-E6N wanaipa picha kama 900 ukichungulia kwenye kioo na kama 300 ukitumia skrini ya nyuma. Betri moja, mwili mmoja, tofauti mara tatu. Hapo ndo chaji yako ilipo.

Na hizo namba za kwenye boksi zinapimwa kwa utaratibu wa CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera Japani: picha moja kila sekunde 30, flashi ya ndani kama ipo inawaka nusu ya picha, kamera inazimwa na kuwashwa kila baada ya picha 10. Ndo maana mpiga picha za mpira anayebonyeza mfululizo anapata picha nyingi kupita hiyo namba kwa mbali, na anayetembea kamera imewaka shingoni masaa mawili akipiga kamoja kamoja hafiki hata nusu yake. Kinachokula ni muda kamera ikiwa macho, idadi ya picha inafuata nyuma.

Kwa hiyo mi kitu cha kwanza naweka kamera ilale yenyewe baada ya dakika moja, na nikishusha mkono naizima. Pili nazima kule kuonyesha picha sekunde mbili kila ukibonyeza. Mwanga wa skrini naushusha, ukiuacha juu kabisa unatafuna chaji na pia unakudanganya picha ziko angavu kumbe zina giza. Kuna kipengele cha fokasi inayojitafuta yenyewe hata kabla hujabonyeza, kizime, mota za lenzi zinazunguka siku nzima bure. Wi-Fi na Bluetooth weka hali ya ndegeni mpaka utakapotaka kutuma picha, na kama kamera ina GPS icheki vizuri maana baadhi zinaendelea kutafuta satelaiti hata ukiwa umeizima kamera kwa swichi, unaiacha ijumaa imejaa jumatatu imekufa unalaumu betri. Vidio ndo mlaji mkubwa kuliko vyote, hasa 4K, hapo hakuna ujanja zaidi ya betri za akiba.

Lenzi50mm:
Kwa orijino na za kampuni nyingine: mi nina zote. Za kampuni nyingine zenye jina zinafanya kazi, siku ya kwanza unaweza usione tofauti. Tofauti unaiona baadaye, zinachoka mapema, na kiashiria mara nyingi kinaruka kutoka asilimia arobaini mpaka sifuri kwa sababu chipu ya ndani haiongei vizuri na kamera, kamera nyingine zinagoma kabisa kuionyesha chaji. Cha kuangalia ni namba. Canon LP-E6 ya mwanzo ilikuwa 1800 mAh, LP-E6N 1865, LP-E6NH 2130, yaani zaidi ya miaka kumi wameongeza hiyo tu kwenye umbo lilelile. Sasa ukikuta nyingine ya ukubwa huohuo imeandikwa 3000 na kitu, hiyo namba siiamini, na aliyeiandika nisingemwamini na saketi ya ulinzi pia. Orijino moja kwa kazi ya lazima, za jina za pembeni mbili kwa akiba, ndo mpangilio wangu.

BatiNaWaya:
Na tusilinganishe mAh za AA na za lithiamu moja kwa moja, volti ni tofauti. AA nne za 2000 mAh ni 4.8 V kwa 2 Ah, unapata kama Wh 9.6 (Wh ndo jumla ya umeme uliomo, volti mara Ah). LP-E6N ni 7.2 V kwa 1.865 Ah, kama Wh 13.4. mAh kidogo lakini umeme mwingi zaidi. Ukitaka kulinganisha betri za aina tofauti angalia Wh.

Mkono_Mtulivu:
Utunzaji wa lithiamu kwa ufupi: adui yake ni joto na kukaa imejaa 100% muda mrefu, na vikikutana vyote viwili, betri imejaa iko ndani ya gari juani, hapo inazeeka haraka sana. Kama hupigi kwa mwezi au zaidi iache kwenye nusu hivi, sehemu ya baridi ya kawaida, nje ya kamera. Kwenye baridi kali inaonekana imekufa kumbe haijafa, irudishe mfuko wa ndani ipate joto la mwili, chaji inarudi. Ila usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, hiyo inaiharibu moja kwa moja.

Na vile vibati vya shaba ndani ya chumba cha betri vikiwa na uchafu kamera inasoma volti pungufu. Raba ya penseli, sugua taratibu, toa vumbi la raba kwa brashi kavu, basi.

JichoLaTatu:
Nimeelewa mengi, asanteni sana. Menyu ya aina ya betri ipo kweli kwenye ile ndogo, ilikuwa kwenye alkali, nimebadilisha. AA nachukua zinazovuja kidogo na chaja ya njia nne. Nauliza la mwisho, nikipanda ndege hizi za akiba naziweka wapi?

Lenzi50mm:
Za lithiamu za akiba unabeba nazo ndani, haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Chini ya Wh 100 huhitaji kibali na betri za kamera ziko mbali sana na hapo. Funika sehemu za chuma kwa kifuniko chake au plasta zisigusane na funguo.

Kivuli77:
Samahani nadandia hapohapo, ya kwangu imevimba kidogo, inaingia kwa kusukuma, lakini bado inashika chaji vizuri. Niendelee nayo?

Mama_Picha:
Hapana ndugu, iache leoleo. Kuvimba ni gesi ndani yake, kushika chaji hakuifanyi kuwa salama. Usiichaji tena, usiitoboe, usiibonyeze irudi bapa. Funika chuma zake kwa plasta uiweke mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka uipeleke wanapopokea betri mbovu, sio kwenye pipa la takataka za kawaida. Na kama imeshakwama ndani ya kamera usiichokonoe na bisibisi, mpelekee fundi ikiwa humohumo.