Mume kenda dago hajarudi, wakili simuwezi. Nianzie wapi? (Wete)

UmmuWawili: Assalaam alaykum. Mume wangu alikwenda dago, kambi ya wavuvi, upande wa Kilwa kabla ya msimu wa karafuu wa mwaka juzi. Mwanzo akituma kidogo kidogo, kisha kimya, na simu haipatikani. Nasikia kaoa huko. Watoto wawili, nakaanga mihogo jioni ndio tunakula. Nataka niachike kisheria. Wakili mmoja kanitajia laki nane, nusu mbele. Shemeji anasema nikichoka ninunue talaka, nirejeshe mahari. Mahari yenyewe laki tatu na kitanda, na kitanda ndicho tunacholalia!

Mvuvi_Mstaafu: Bahari ina mambo yake, mwanangu. Vuta subira, huenda kakwama.

UmmuWawili: Subira ninayo, mzee wangu. Unga ndio sina.

BiMsaidizi: Waalaykum salaam mwanangu. Mimi msaidizi wa sheria, kesi hizi nazisindikiza sana. Usinunue talaka! Huko kununua talaka ndiyo khului, nayo ni ya mke anayetaka kutoka na mume hana kosa. Wewe umetupwa bila ya masurufu, kwa hiyo dai fasakhe: kadhi ndiye anayeivunja ndoa kwa kosa la mume, na mahari hurejeshi. Shemeji anamtetea nduguye tu.

Kwa Kadhi wa Wilaya wakili si lazima. Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 imewaruhusu mawakili kuingia, haikukulazimisha uwe naye. Chukua barua ya sheha (mkuu wa shehia yenu), cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mashahidi wanaojua kwamba haleti kitu. Jirani ana uzito kuliko mama yako. Na nambari ya shemeji itoe mahkamani, usiifiche. Mume lazima aitwe kwanza. Akija kuzuka baadaye akasema hakuitwa, utasumbuliwa upya.

Kijana_Chake: Dada, panda gari uje Chake Chake, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana ofisi huku. Waombe wakuandikie madai. ZAFELA, wale wanasheria wanawake, nao husaidia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imewekwa kwa ajili ya wasio na uwezo kama wewe, usione haya kusema huna.

UmmuWawili: Ahsanteni. Na nyumba? Kiwanja chake, ila mabati nimenunua mimi kwa pesa za kuchuma karafuu.

BiMsaidizi: Sheria hiyohiyo ya 2017 inamruhusu kadhi kuangalia mchango wa kila mmoja. Tafuta risiti, kama zimepotea, fundi aliyeezeka aje aseme nani alimlipa. Matumizi ya watoto yadai pia, fasakhe haimwondolei baba mzigo wake. Na eda utaanza kuihesabu siku kadhi atakapohukumu. Wengine husema "mume kaondoka zamani, eda imeshapita". Haijapita.

UmmuWawili: Tatizo sheha wetu ni ami yake mume. Akininyima barua?

BiMsaidizi: Nenda na msaidizi wa sheria wa shehia yenu, usende peke yako. Akikataa, mwombe aandike kuwa amekataa na atie muhuri. Wengi wakifika hapo huiandika ile barua ya mwanzo. Akishupaa, ofisi ya Mkuu wa Wilaya ipo hapohapo Wete.