Naomba ushauri: nianze animesheni na programu gani?

Wino_Kayole: Hamjambo wadau. Nasoma usanifu wa grafiki, mwaka wa pili, hapa Nairobi. Mabango na nembo nazimudu, lakini kuhuisha mchoro, yaani kuufanya utembee, sijawahi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nianze na Blender au Krita? Nijibuni mapema tafadhali, hata usingizi sipati.

FundiRangi: Programu baadaye. Chukua kijitabu, chora mpira unaodunda kwenye pembe za kurasa, kisha uzipeperushe. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Wengi huchora 12, kila mchoro ukakaa fremu mbili. Mpira ukikaribia kileleni hupunguza mwendo, kwa hiyo michoro hukaribiana, ukishuka, inaachana. Ukigusa chini, unabonyea. Watu wa mabango hukwama hapo: kila fremu inapendeza, lakini mwendo umekufa.

Mama_Wawili: Binti yangu naye alitaka mambo hayo. Nikamwambia amalize diploma kwanza. Maliza ulichoanza, mwanangu, vijana mnarukia kila kipya.

Dereva_Mstaafu: Mmenikumbusha nikiendesha matatu ya Buruburu. Kijana mmoja alituchorea simba ubavuni, abiria wakawa wanaacha magari mengine wakitungoja sisi. Hakuwa na kompyuta, ni brashi tu. Gari likauzwa, simba akapakwa rangi nyeupe. Inaniuma hadi leo.

FundiRangi: Wino, hiyo "mapema" ni lini? Anayejifunza tu hakosi usingizi.

Wino_Kayole: Kuna kazi kidogo.

FundiRangi: Kazi gani?

Wino_Kayole: Tangazo la sacco. Sekunde 90, wahusika watatu, lionyeshwe kwenye mkutano mkuu mwezi ujao. Wamenitumia 15,000 za kwanza na nimeshalipia nyumba, kwa hiyo kurudisha haiwezekani. Na sioni ubaya. Mafundi wangapi wamejifunzia kazini?

FundiRangi: Sekunde 90 mara 12 ni michoro 1,080. Huyo ni mhusika mmoja.

Kasuku_wa_Dar: Mkuu, ita ukoo mzima wakusaidie penseli.

Mtega_Sikio: Mnapotezewa muda. Uzi huu umetungwa. Sacco gani inamlipa mtu ambaye hajahuisha hata mpira? Kamati zenyewe hubishana mwezi mzima juu ya chai.

Mama_Wawili: Hata mimi nilishangaa. Wino, sema kweli.

Wino_Kayole: Mama, sijatunga. Mjomba yuko kwenye kamati. Waliona mabango yangu, wakauliza bei. Kama najua kuhuisha, hakuna aliyeuliza.

Mtega_Sikio: Mjomba amejitokeza sasa hivi?

Dereva_Mstaafu: Hiyo mimi naiamini. Mji huu kazi hupita kwa mjomba. Hata usukani wangu wa kwanza nilipewa na shemeji.

FundiRangi: Awe ametunga au la, kuna mwingine atakayesoma akiwa na shida hii. Usichore upya kila fremu. Mchore kila mhusika mara moja, kichwa, mikono na midomo kwenye tabaka tofauti, kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya nyingine, kisha uvisogeze viungo. Rekodi sauti kwanza, kwa sababu midomo inafuata sauti. Panga picha tuli juu ya hiyo sauti, uwaonyeshe kamati wakubali kabla hujahuisha chochote. Wakibadili hadithi baadaye, utalia. Blender mpya inataka GB 8, kwa hiyo tumia Krita, nayo ni ya bure. Turubai, yaani eneo la kuchorea, iwe ndogo, maana fremu zinakula RAM. Na umwombe mjomba zipungue ziwe sekunde 45.

Wino_Kayole: Kupunguza sitapunguza, nimeshaahidi. Wahusika pia watabaki watatu, mmoja ni mwenyekiti mwenyewe. Lakini sauti nitarekodi kesho, na mwenyekiti hatasema neno.

FundiRangi: Basi mchore ameketi nyuma ya meza. Miguu yake hutaihuisha.