Mrejesho: ile kofia ndefu ya hariri niliyonunua Portobello

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kuhusu kofia nyeusi ya hariri, zile ndefu za mabwana wa Kiingereza, niliyoinunua katika soko la Portobello, London, ikiwa imebonyea: ina umri gani, na je, niifue kwa sabuni?

Asanteni mlionizuia! Kumbe chini ya hariri ni kitambaa kilichokakamazwa kwa sheleki, aina ya gundi ya asili; maji yangeimaliza. Niliielekeza pale palipobonyea kwenye mvuke wa birika kwa sekunde chache, ikalainika, nikasukuma taratibu kwa kidole gumba kutokea ndani. Mkono ulitetemeka, sifichi. Kisha brashi laini, nikifuata ulalo wa nyuzi, na mwisho kipande cha mahameli. Inang'aa.

Umri: muhuri wa ndani unasema mtengenezaji anamhudumia Mfalme. Malkia Victoria alifariki Januari 1901, Elizabeth akarithi 1952, na kati yao walitawala wafalme wanaume tu, kwa hiyo ni ya katikati hapo.

Mchaniko wa ukingoni nimeuacha. Hariri ile ya kofia, ya Lyon, Ufaransa, haifumwi tena, na kiraka kingeiharibu sura.

Kuivaa ndiyo sahau. Inakaa utosini kama kikombe.