Wauza propela acheni kutuuzia kwa kigezo cha "inaingia kwenye shafti"

Wakuu salaam. Nimechoka na hawa wauza spea za boti, leo naandika kwa hasira kabisa.

Boti yetu ni ya faiba, inapeleka wazamiaji na mitungi yao ya hewa kutoka Nungwi hadi Mnemba, injini mbili za HP 150, ya kulia inazungusha kulia na ya kushoto inazungusha kushoto. Nilimwambia muuzaji hivyo hivyo. Akaleta propela mbili zote za kulia! Namuuliza, ananijibu "zote sawa tu bosi, shafti ni ile ile". Shafti ile ile ndio, lakini ya kulia ukiifunga kwenye injini inayozunguka kushoto, ukiweka gia ya mbele inakusukuma nyuma. Sasa nahodha asiyejua aondoke hivyo na wageni ndani?

Akabadilisha huku amenuna, akatoa ya kulia na ya kushoto, pichi 19. Pichi 19 kwenye boti ya mzigo jamani! Hiyo maana yake kila mzunguko propela inataka kusonga inchi 19, hizo ni za boti nyepesi ya kukimbia. Sisi tukijaza watu, moto (mkono wa kasi) umesukumwa mpaka mwisho, mizunguko inagota 4,400 kwa dakika wakati kitabu cha injini kinataka 5,000 hadi 6,000. Injini zinakoroma, boti inaburuza mkia haitaki kupanda juu ya maji, mafuta yanateketea tu, na injini ikibanwa hivyo kila siku inakula pistoni halafu lawama anapewa fundi au oili.

Na hesabu yenyewe wala sio ngumu. Ukishusha pichi inchi moja unapata mizunguko kama 150 hadi 200 zaidi, kwa hiyo kutoka 19 kushuka 15 ni 600 hadi 800, tayari umeingia kwenye 5,000. Mtu anayeuza propela kila siku anashindwaje kuuliza boti yako ina uzito gani, inabeba watu wangapi, sasa hivi unapata mizunguko mingapi?

Nimerudi tena na hesabu hiyo, naambiwa ya 15 imebaki moja, nichukue moja ya 15 na moja ya 17, eti zitaendana. Haziendani! Injini moja itapaa na mizunguko, ile nyingine itakuwa inabeba mzigo, steringi inavuta upande mmoja safari nzima. Nimekataa, hela yangu hawataki kurudisha, wanasema bidhaa ikishafungwa haipokelewi. Nisingeifunga ningejuaje?

Mwenye pea ya pichi 15, kulia na kushoto, aluminiamu (stenlesi sitaki, kwa miamba ile kishindo chote kinaenda kwenye gia) aseme hapa. Na wenye boti za mzigo za injini mbili tajeni pichi yenu na mizunguko mnayopata mkiwa mmejaza.