Tupeane uzoefu: siku mliyobaki wawili kituoni na wazee ishirini na wawili

BintiPongwe
Wakuu, leo simu imelia saa kumi na mbili kasoro robo. Meneja: "Unaweza kuingia? Wawili wanaumwa." Ni ofu yangu, sikupokea ya pili, lakini usingizi ulishakatika na nikaikumbuka ile Alhamisi ya Novemba 2023.

Niko Coventry, Uingereza, kituo cha mchana cha wazee. Siyo zile nyumba za kulala. Hawa wanaletwa na basi saa nne, chai, bingo, chakula, saa tisa na nusu wanarudishwa kwao. Ratiba inasema wafanyakazi watano kwa wazee ishirini na wawili. Siku ile tulifika watatu, na saa tano mwenzetu akaitwa shuleni, mtoto kaanguka. Tukabaki wawili.

Mnaoijua hoisti, ile mashine ya kumnyanyua mtu, mnajua, haiendeshwi na mtu mmoja. Kila tukimpeleka mmoja chooni, ukumbini hakuna mtu. Sasa kuna babu mmoja, zamani fundi wa magari, mstaarabu sana. Akanyoosha mkono. Nikamwambia subiri kidogo, babu. Nikapita na chai, subiri kidogo. Bibi mwingine akaanza kulia anamtafuta mumewe aliyekwisha kufa, nikakaa naye huku nampungia babu, subiri kidogo. Nilipomfikia mkono ulikuwa umeshushwa. Kakunjua gazeti mapajani, analisoma kwa makini, na gazeti lenyewe liko juu chini. Zulia chini ya kiti limelowa. Suruali ya akiba ilikuwa moja tu, ya mtu mnene, akarudi kwake ameishikilia kiunoni kwa mkono.

Nyie mlifanyaje?

MamaNunu
"Subiri kidogo." Hilo neno nalisema hadi usingizini, mume wangu shahidi.

Mtoto wa Gerezani
Mnalipwa paundi halafu mnalia. Huku wazee wetu tunawalea wenyewe, hatuwapeleki bingo.

BintiPongwe
Kaka, unamlea wewe au dada wa kazi?

Mtoto wa Gerezani
Hilo ni suala jingine.

Siti wa Mbagala
Siyo jingine, ndilo hilohilo. Mama yangu ana miaka 81, amesahau hata jina langu. Dada alikwenda kwao Singida Krismasi, hajarudi. Wiki tatu nimekwenda Kariakoo dukani nimemfungia mama ndani, funguo kwa jirani, uji kwenye chupa ya chai. Jioni nakuta chupa imejaa vilevile, alisahau kama ipo. Ningepata mahali pa kumwacha mchana tu, hata pawe mkeka na bao, ningelipa. Usituambie tunalea.

Dereva wa Wazee
Nyie wa ndani mna nafuu. Mimi naendesha basi la kituo, Luton. Nyuma lina lifti ya kupandisha viti vya magurudumu, na utaratibu ni lazima awepo msindikizaji. Wetu aliacha kazi Juni akaenda ghala la supamaketi, nafasi ikakaa wazi hadi Oktoba. Nikawa peke yangu, basi na wazee.

Siku hiyo mvua. Nimemshusha bibi mwenye kiti, nimemfikisha mlangoni, binti yake anahangaika na funguo. Nageuka, mlango wa pembeni wa basi uko wazi. Nahesabu vichwa. Watano. Walitakiwa kubaki sita. Hayupo yule mama wa kofia ya zambarau, na huyo ndiye ambaye kumbukumbu zimemwisha kabisa. Nikimfuata nawaacha watano barabarani. Nikibaki yeye ndo anaenda hivyo na mvua. Nikasimama pale katikati ya njia, nika

betri inakata wakuu, narudi

Kijana wa Kisauni
Wewe usitufanyie hivyo!

MamaNunu
Alipatikana??

Takwimu Kwanza
Tukimsubiri dereva: Skills for Care, shirika la takwimu za wafanyakazi wa malezi, walihesabu nafasi za kazi zilizo wazi kwenye malezi ya watu wazima England karibu 165,000 mwaka 2021/22. Mwaka 2024/25 zikawa 111,000. Zilishuka zaidi kwa sababu ya wageni, maana viza ya makeya, yaani walezi wa kulipwa, ilifunguliwa Februari 2022. Ila kituo cha mchana peke yake hakisajiliwi CQC, wakaguzi wa huduma za afya na malezi England, na tangu 11 Machi 2024 mwajiri wa England asiyesajiliwa CQC hafadhili viza ya keya. Julai 2025 mlango wa makeya wapya kutoka nje ukafungwa. Kwa maoni yangu wazee wanaolala walipata watu, wazee wanaoshinda wakaachwa.

Kijana wa Kisauni
Tumeuliza mama wa kofia yuko wapi, mkuu, wewe unatuletea hesabu.

Mkwe wa Leeds
Kumbe ni nyie mnaotupigia simu saa moja na dakika arobaini! Mama mkwe anakwenda siku tatu kwa wiki, mimi nafanya kazi usiku. Nimerudi, nimemvalisha, koti, kofia, mkoba kaushika, amekaa kwenye ngazi anasubiri basi. Simu: hatuna watu, msimlete. Kumvua lile koti kulinichukua karibu saa nzima. Alijua ni mimi nimemkatalia. Baadaye siku tatu zikawa moja.

BintiPongwe
Dada, mimi ndiye ninayepewa orodha nipige. Unadhani naona raha?

Mkwe wa Leeds
Sijasema raha. Nasema pigeni kabla sijamvalisha.

BintiPongwe
Na mimi ningejua kabla, ningepiga.

MamaNunu
Jamani.

Mzee wa Boksi
Ushauri wa bure: siku ya ofu usiingie hata mara moja, wakizoea wamezoea. Na hoisti usiiguse peke yako, mgongo hauna ejensi ya kukuletea mwingine.

MamaNunu
Mimi nasema ingia mbili tatu. Ukiomba likizo ya Desemba kwenda Bongo wanakumbuka.

Mzee wa Boksi
Hawakumbuki.

Kijana wa Kisauni
Hamia ghalani. Kima cha chini kuanzia Aprili 2025 kilikuwa £12.21 kwa saa, na vituo vingi vilikuwa hapohapo au senti kidogo juu. Boksi halikuulizi choo kiko wapi.

BintiPongwe
Boksi halikuiti jina pia. Babu wa gazeti nilimwambia natoka Tanga, basi mpaka leo ananiita Tango.

Takwimu Kwanza
Andikeni kwenye kitabu cha matukio: tarehe, saa, mlikuwa wangapi. Mtu akianguka utaulizwa wewe.

Dereva wa Wazee
Nimerudi, nilikuwa kazini. Nilipiga kituoni, ikaita hadi ikakata, nao walikuwa wawili. Nikapiga 999. Polisi hawajafika nikamwona kwa mbali, kituo cha basi, amekaa na mzee mwenye mbwa, kofia inachuruzika maji. Alikuwa nesi enzi zake. Akaniambia nisimcheleweshe, wamempigia simu aingie, wodini leo hakuna watu.

Kijana wa Kisauni
Akakubali kurudi?

Dereva wa Wazee
Nilimwambia basi langu ndilo la hospitali. Akapanda.

Mtoto wa Gerezani
Dada Siti, upo Mbagala sehemu gani? Mama mkubwa wangu yuko Rangi Tatu, anashinda nyumbani na mjukuu wake, na bao lipo. Nimekutumia ujumbe.