Naomba ushauri: nitajuaje kama mradi wa programu huria umekomaa kiasi cha kukabidhiwa maktaba ya chuo?

MkutubiNyanda

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja cha ualimu huku Nyanda za Juu Kusini. Maktaba yetu ina vitabu vipatavyo 18,000, na mpaka leo uazimaji unaandikwa kwenye daftari, huku orodha ya vitabu ikiwa kwenye jedwali la Excel ambalo kila aliyepita hapa ameliongezea safu zake. Menejimenti imekubali tuhamie kwenye mfumo wa kompyuta, na kwa kuwa fungu la kununulia leseni halipo, tumeelekezwa tutafute programu huria, yaani ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha bure. Kazi ya kupendekeza nimepewa mimi, na pendekezo linatakiwa liwe mezani kabla kamati ya bajeti haijakaa.

Zimebaki mbili. Ya kwanza ni Koha, programu ya kuendesha maktaba ambayo wengi wenu mnaifahamu. Ya pili ni mradi mchanga unaoendeshwa na kampuni moja ya nje, ambao sitautaja jina kwa sababu sitaki uzi huu ugeuke kuwa wa kuusema vibaya. Kijana wetu wa TEHAMA anaupenda huo wa pili: sura yake inavutia, unafunguka vizuri kwenye simu, una maelfu ya nyota kwenye GitHub (tovuti ambako miradi huweka msimbo wake), na aliusimika kwenye kompyuta yake akaniletea ukifanya kazi siku hiyohiyo. Koha ilimsumbua, na alisema wazi kwamba ni programu ya kizamani.

Sina ujuzi wa kuandika programu. Ninachohofia ni kuingiza rekodi zote hizo, kisha baada ya miaka miwili niambiwe kwamba mradi umekufa. Mtu asiyesoma msimbo anaweza kutazama nini ili ajue mradi umekomaa au bado? Na je, umri wa mradi peke yake si ushahidi wa kutosha?

Seva_ya_Bondeni

Ndugu mkutubi, umri hautoshi. Itazame Apache OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka: jina lake linajulikana kila mahali, lakini wachangiaji wengi wa OpenOffice.org iliyoitangulia waliondoka mwaka 2010 kwenda kuanzisha LibreOffice, na matoleo yake ya miaka mingi sasa ni marekebisho madogo ya mfululizo wa 4.1 ulioanza mwaka 2014. Anayepima kwa umri na umaarufu angeichagua hiyo na kuiacha LibreOffice, ambayo ndiko kazi ilikohamia.

Mimi huanza na historia ya matoleo. Koha ilianza kutumika Januari 2000 katika maktaba za Horowhenua, New Zealand, lakini kinachonipa imani nayo ni mwendo wake wa sasa. Toleo kubwa hutoka kila Mei na kila Novemba, na tangu mwaka 2016 namba ya toleo imekuwa ni mwaka na mwezi, kwa hiyo 16.05 ni la Mei 2016, na ahadi ikivunjwa kila mtu ataona. Katikati hutoka matoleo ya marekebisho karibu kila mwezi. Hayo yote unaweza kuyahakiki bila kujua mstari mmoja wa msimbo: fungua ukurasa wa matoleo wa huo mradi mwingine, usome tarehe kutoka juu kwenda chini. Ukikuta matoleo mengi yamefuatana kwa wiki chache, kisha kimya cha karibu mwaka, kisha toleo linalokutaka uanze hifadhidata upya, hapo umekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu lako. Tazama pia kama namba yake bado inaanza na sifuri. Kwa desturi inayofuatwa na miradi mingi, sifuri hiyo ni onyo kutoka kwa waandishi wenyewe kwamba jambo lolote linaweza kubadilika bila taarifa.

Baada ya hapo nenda kwenye orodha ya hitilafu, na usitishwe na wingi wake, maana mradi usio na hitilafu iliyoripotiwa ni mradi usiotumiwa na mtu. Tafuta jambo linalohusu kazi yako, tuseme faini au kuongeza muda wa kuazima, usome mazungumzo yote hadi mwisho. Aliyeuliza alijibiwa na nani? Ni yuleyule siku zote? Kwenye Koha, badiliko lolote sharti lijaribiwe na kuthibitishwa na mtu ambaye hakuliandika, kisha lipite kwa timu ya ubora, ndipo msimamizi wa toleo aliingize. Hatua zote hizo zinasomeka hadharani kwenye Bugzilla, tovuti yao ya kuripoti hitilafu, na miongoni mwa wanaothibitisha wamo wakutubi kama wewe.

Nyota za GitHub ziweke pembeni. Ni makofi ya wapita njia.

kiraka_254

Naongezea hapo kwenye "yuleyule siku zote". Mwombe huyo kijana achukue nakala ya hazina ya msimbo ya kila mradi, aingie ndani yake na kuandika amri hii:

git shortlog -sn --since="1 year ago"

Atapata majina ya walioandika mabadiliko katika mwaka uliopita, kila jina na idadi yake. Aondoe majina ya roboti zinazosasisha vitegemezi (programu nyingine ambazo mradi unazitegemea), maana huwa nyingi na hujaza orodha. Ikiwa jina la kwanza lina mabadiliko mia tisa na linalofuata lina kumi na mawili, mradi huo ni mtu mmoja, hata kama tovuti yake imejaa picha za timu. Jiulize basi: akiugua, akiajiriwa kwingine au akichoka tu, nani ana funguo za kutoa toleo linalofuata?

Jambo la kuchoka silisemi kwa mzaha. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa waandishi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, naye si mtu wa kuipuuza nusu sekunde. Xz ilikuwa imetunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja anayejitolea. Mgeni aliyejiita Jia Tan akamsaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Kwa vigezo vya kwenye karatasi, xz ilikuwa imekomaa kabisa: ya siku nyingi, na imo karibu katika kila Linux. Ilichokosa ni jicho la pili kwenye kazi ya yule mwenye mamlaka.

Kwa hiyo utaratibu ule wa Koha aliouelezea Seva, wa mtu mwingine kuthibitisha, ningeupa uzito kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa hapa.

MzeeWaForodhani

Nawasoma wanangu, ila naomba tusimtishe mwenzetu kwa kuhesabu vichwa tu. SQLite, programu ya hifadhidata, iko ndani ya kila simu ya Android mnayosomea uzi huu. Imekuwepo tangu mwaka 2000, inaandikwa na watu watatu hivi, haipokei viraka (mabadiliko ya msimbo) kutoka kwa watu wa nje, na sijaona mhandisi makini anayesema haijakomaa. Majaribio yake ni mengi kuliko msimbo wenyewe kwa mbali, na wenyewe wameahidi kuitunza hadi mwaka 2050. Watu wachache si kasoro ikiwa wameweka wazi namna wanavyofanya kazi, wana kipato kinachowaweka kazini, na wana rekodi ya kutimiza wanachosema. Amri ya kiraka inakuonyesha idadi. Hayo mengine itabidi uyasome.

La pili, yule kijana akisema Koha imemsumbua, msimpuuze. Koha inataka seva ya Linux, Debian au Ubuntu, inataka hifadhidata ya MariaDB, na inataka mtu wa kuiangalia, kuchukua nakala za akiba na kupandisha toleo kila inapobidi. Mradi waweza kuwa umekomaa na chuo kikawa hakina wa kuupokea. Binti mkutubi (au kijana, unisamehe kama nimekosea), kabla ya kuandika pendekezo lako ulizia vyuo vya jirani vinavyoitumia, na uulize swali moja tu: nani aliwapandishia toleo mara ya mwisho, na lini? Wakikujibu kwamba fundi aliyeisimika aliondoka na hawajaigusa tangu hapo, ujue na kwenu inaweza kuwa hivyo. Kosa hilo si la Koha, lakini rekodi zitakazopotea zitakuwa zenu.

MkutubiNyanda

Nawashukuru sana, na mzee wangu shikamoo. Ni binti, hujakosea.

Nimeketi na kijana wetu tukafanya kama mlivyoelekeza. Kwa upande wa mradi mchanga, tulipoondoa roboti mbili, jina moja lilibeba karibu kazi yote ya mwaka, na waliobaki wengi wao wana badiliko moja moja, hasa kurekebisha tahajia kwenye maelezo. Kwa upande wa Koha orodha ilikuwa ndefu, na hakuna jina moja lililoifunika. Kijana mwenyewe alinyamaza kidogo.

Lililonishtua zaidi nililikuta kwenye orodha ya hitilafu ya huo mradi mchanga. Kuna ombi la kuwezesha kutoa rekodi kwa muundo wa MARC, ambao maktaba hubadilishana nao rekodi za vitabu, limekaa wazi tangu mwaka juzi, na watu kadhaa wameliunga mkono. Jibu la mwisho ni la mtu wa kampuni, ameandika kwamba huduma hiyo itakuwemo kwenye toleo la kulipia. Kuingiza MARC ni bure, kutoa ndiko kwa malipo. Nilisoma pia kwamba kila anayechangia msimbo hutakiwa kwanza kutia saini mkataba unaoipa kampuni haki ya kuutoa mchango wake chini ya leseni nyingine yoyote. Je, hilo ni la kawaida?

kiraka_254

Ni la kawaida, dada, na wapo wenye sababu njema za kulidai. Maana yake kwako ni kwamba kampuni inaweza kuamka kesho ikabadilisha leseni ya matoleo yajayo bila kumwomba mtu. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliihamisha Terraform, programu yake ya kusimamia miundombinu ya seva, kutoka leseni huria ya MPL kwenda leseni inayowawekea mipaka washindani wake. Msimbo wa zamani ulibaki huria, kwa hiyo makampuni yaliyoutegemea yaliuchukua, yakaanzisha mradi wa OpenTofu, na Linux Foundation, taasisi inayolea miradi huria, ikaupokea mwezi uliofuata. Watumiaji waliokoka kwa sababu nje ya HashiCorp walikuwepo wahandisi wengi wenye uwezo wa kuuendeleza. Sasa rudi kwenye orodha yenu ya majina: leseni ikibadilika huko, nani mwingine atauchukua msimbo huo na kuuendeleza?

Koha iko chini ya leseni huria ya GPL toleo la 3, na haki za msimbo zimebaki kwa wachangiaji wenyewe, waliotawanyika nchi nyingi. Hakuna kampuni inayoweza kuwakusanya wote ikabadilisha leseni.

Seva_ya_Bondeni

Na jaribio la namna hiyo limewahi kuikuta, ingawa lilikuja kwa njia ya jina. Kampuni moja ya Marekani iliyokuwa mtoa huduma mkubwa wa Koha ilianza kutoa toleo lake peke yake na ikabaki na anwani ya tovuti ya zamani. Jumuiya ilihamia koha-community.org na kuendelea na kazi. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba ombi la kampuni hiyo la kusajili jina la Koha kama alama ya biashara huko New Zealand limepita hatua ya kwanza, na maktaba ya Horowhenua, iliyoanzisha mradi wenyewe, ikalazimika kuomba michango ili kuweka pingamizi. Katika kipindi chote hicho matoleo hayakukoma. Mimi nikiulizwa ushahidi wa kukomaa, siutafuti wakati wa raha. Nautafuta katika kipindi kama hicho, na ndiyo maana huwashauri watu wasome historia ya ugomvi wa mradi kabla ya kusoma orodha ya sifa zake.

Kuhusu MARC, kabla ya kamati fanyeni jaribio moja. Chukueni rekodi mia kutoka kwenye lile jedwali, zikiwemo zile chafu zenye waandishi wawili kwenye kisanduku kimoja. Ziingizeni kwenye Koha, zitoeni tena, kisha ziingizeni kwenye Koha nyingine tupu. Hesabuni rekodi, mlinganishe namba za usajili, na mtazame majina ya waandishi. Mkifanikiwa, hamjafungwa na programu yoyote, Koha ikiwemo.

MkutubiNyanda

Jaribio hilo tutalifanya wiki hii. Kwenye pendekezo nitaandika Koha, na hoja ya mzee nitaiweka kama sharti: fungu la kumpeleka kijana wetu mafunzo ya Linux liingie kwenye bajeti ileile, la sivyo tubaki na daftari kwanza. Swali langu la mwisho ni dogo: tuanze na toleo lipi? Kijana anataka lile jipya kabisa.

Seva_ya_Bondeni

Hapana, mwambie asubiri. Hazina ya vifurushi vya Koha ina stable (toleo kubwa la sasa) na oldstable (lililolitangulia). Kwa seva ya kazi mimi huweka oldstable, ambalo limekwisha kupita miezi kadhaa ya marekebisho na bado linapokea mengine. Lile jipya aliweke kwenye kompyuta yake, alichezee, na akikuta hitilafu aiandike Bugzilla.

MzeeWaForodhani

Na nakala za akiba zisikae kwenye seva hiyohiyo.